Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Tupime Kwanza, Ndipo Tununue

Ndugu wanachama,

Shikamooni wazee wetu, na salamu kwa vijana wote. Vikao tulivyofanya, wageni waliotutembelea na barua tulizoandika, vyote katibu ameviorodhesha katika ripoti yake, nami sitavirudia. Taarifa yangu ya mwaka huu, kuhusu baiskeli tunazoziunda gerejini, naianza na breki.

Mnakumbuka mwezi wa Juni, masika yalipokuwa yamekatika na barabara za vumbi zimeanza kukauka. Kijana wetu mmoja alikuwa anateremka kutoka msitu wa Olmotonyi kuelekea Ngaramtoni, juu ya baiskeli tuliyoiunda wenyewe gerejini: fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani iliyokuja na kontena la mtumba, uma wa mbele (ule unaoshika gurudumu) mgumu usio na springi, usukani wa resi uliopinda kama pembe za kondoo dume. Kwa macho ilikuwa baiskeli nzuri mno. Kwenye kona ya pili alibana breki, leva zikagusa usukani, na magurudumu yakaendelea kuzunguka. Akaona heri ajiangushe ukingoni kuliko kukutana na lori la magogo mbele. Akavunjika mtulinga. Leo yuko nasi ukumbini, amepona na anaendesha. Lakini baiskeli ile niliikagua mimi na kusema iko tayari, kwa hiyo maelezo mnastahili kuyasikia kutoka kinywani mwangu.

Kilichotokea ni hiki. Breki za V, zile zenye mikono miwili mirefu inayobana rimu, zinataka waya uvutwe kwa wingi. Leva za usukani ulionyooka wa baiskeli ya milimani zinauvuta hivyo. Leva za usukani wa resi zinavuta waya kidogo, karibu nusu tu, kwa sababu zilitengenezewa breki za aina nyingine. Ukivifunga pamoja, njia pekee ya kuzifanya breki zishike ni kusogeza raba karibu kabisa na rimu. Gerejini, rimu ikiwa imenyooka na ni kavu, zinashika kweli, na ukibana kwa mkono unaridhika. Mimi niliridhika. Halafu raba zinalika kidogo, waya unalegea kidogo, na ile nafasi finyu uliyokuwa nayo inaisha ukiwa katikati ya mteremko.

Tangu siku hiyo hakuna baiskeli inayotoka kwetu na mchanganyiko huo. Mwenye usukani wa pembe achague moja kati ya haya: breki za kantileva za zamani, zenye mikono mifupi, breki za V fupi ambazo mikono yake ni sentimita nane hivi, au breki za diski za waya zilizotengenezwa mahususi kwa leva za resi. Mimi napendelea diski, ila fremu na uma lazima viwe na masikio ya kuifungia, na muuzaji wa mtumba hatakuambia kama breki anayokuuzia ni ya resi au ya milimani, maana zinafanana. Zigeuze, soma namba iliyochorwa, ulizia namba hiyo kabla ya kutoa pesa.

Ajali ile ndiyo iliyotufanya tununue venia na daftari. Venia ni ile rula ya chuma inayopima hadi sehemu za milimita, na daftari ni la kawaida la shule. Kila baiskeli ina ukurasa wake: upana wa habu (kitovu cha gurudumu), kipenyo cha rimu, urefu wa uma, aina ya leva na aina ya breki. Hakuna kipande kinachonunuliwa kabla ukurasa haujajazwa. Kuna walionung'unika kwamba tunageuza gereji kuwa darasa. Nawaelewa, lakini angalieni lile boksi la vipande visivyoingia popote ambalo tumelijaza kwa miaka. Mwaka huu halijaongezeka hata kidogo.

Hasara yetu kubwa kabla ya daftari ilikuwa kwenye magurudumu. Wengi wetu tumekulia kwenye Phoenix, na kila mtu anajua Phoenix ni inchi 28. Tairi za graveli, yaani za baiskeli za barabara za vumbi na kokoto, nazo watu huziita inchi 28. Mwanachama mmoja alinunua jozi ya tairi hizo, akakesha akijaribu kuzivisha kwenye rimu za Phoenix, akavunja vyuma viwili vya kuvalishia. Zisingeingia kamwe. Rimu ya Phoenix, pale ukingo wa tairi unapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Tairi ya graveli inayoandikwa 700C inakaa kwenye milimita 622. Jina la inchi ni moja, vitu ni viwili. Ile ya milimani ya inchi 26 ni 559, na ile inayoitwa 650B ni 584. Namba hizo nne nimeomba ziandikwe kwa rangi ukutani, juu ya meza ya fundi. Ubavuni mwa tairi tafuteni namba ya milimita, hiyo ndiyo inayosema kweli.

Kutoka kwenye namba hizohizo tukapata jambo lililonifurahisha kuliko yote ya mwaka huu. Fremu za milimani za inchi 26 ndizo tele na bei nafuu sokoni, ila tairi zake za mtumba ni nzito na zimejaa meno makubwa. Fundi wetu mkuu alikaa na kalamu akapiga hesabu: gurudumu la inchi 26 lenye tairi ya inchi 2.1 lina kimo cha milimita 665 hivi. Gurudumu la 650B lenye tairi ya milimita 42 lina kimo cha 668. Tofauti ni milimita tatu! Maana yake, fremu ya milimani yenye diski inaweza kupokea magurudumu ya 650B na tairi za graveli bila kubadilisha mwendo wake, kwa sababu diski iko kwenye habu na haijali rimu ina ukubwa gani. Fremu yenye breki za rimu haiwezi, raba zitakuwa chini mno. Pimeni pia nafasi iliyobaki pande zote mbili za tairi kabla ya kushangilia. Baiskeli tatu za namna hiyo ziko barabarani sasa, na mojawapo ni ya mama yetu wa Tengeru, anayeipeleka sokoni kila Jumamosi na mapumzikoni anaipandisha milima.

Kuhusu fremu nasema kwa kifupi. Tunaunda kwa chuma. Alumini ikichomelewa hupoteza ugumu wake mpaka ipashwe upya kwenye tanuri kwa kipimo, na tanuri hilo hatuna. Kaboni ya mtumba hatuipokei, kwa kuwa ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi. Chuma kikipasuka huonekana, na mchomeleaji mwenye mkono mwepesi hukirudisha.

Lakini chuma nacho kina masharti yake. Fremu ya milimani ni ndefu, kwa sababu ilipangiwa usukani ulionyooka. Ukifunga usukani wa pembe, mikono inasogea mbele sentimita saba au nane zaidi, na mgongo ndio unaolipa. Chukua fremu ndogo kwa saizi moja kuliko ile uliyozoea, na shingo fupi ya usukani, milimita 50 au 60. Ukitoa uma wenye springi ili uweke mgumu, pima kwanza urefu kutoka ekseli hadi pale uma unapoingia kwenye fremu. Kila milimita 20 unazopunguza, shingo ya baiskeli inasimama kwa takriban digrii moja, na pedeli zinashuka karibu na mawe. Tulikuwa na baiskeli moja iliyofupishwa mbele kwa milimita 70. Ilikuwa haitulii mkononi kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Tumeirudishia uma wa urefu wake.

Gia hazikutusumbua sana. Habari njema kwa wenye mfuko mdogo ni kwamba leva za resi za Shimano za gia tisa zinaelewana na kifaa cha nyuma cha milimani cha gia tisa, kile kinachohamisha cheni, hivyo unaweza kupata sprokti kubwa ya meno 36 nyuma. Ukiwa na meno 34 mbele na tairi ya milimita 40, mzunguko mmoja wa pedeli unakusogeza mita mbili na kidogo, na kwa kupanda Monduli Juu na mzigo, hapo ndipo pa kuwapo. Msichanganye na kifaa cha milimani cha gia kumi, hicho kinavuta kwa kipimo kingine. Na mnaofungua beringi za krenki (mikono ya pedeli), tafadhali, kikombe cha upande wa cheni kwenye fremu zenye uzi wa Kiingereza hufunguka kinyume, kwa kufuata mwendo wa saa. Mwaka huu fremu moja imeharibiwa uzi kwa nguvu zisizohitajika.

Sasa miiba. Upande wa Oldonyo Sambu na Ngare Nanyuki, kule ambako mvua ya Meru haifiki, vumbi ni laini kama unga na chini yake imelala miiba ya migunga. Safari ya Septemba tulibandika viraka mpaka solusheni ikatuishia njiani. Wawili tu hawakusimama, na wote wawili walikuwa na tairi zisizo na tyubu, zenye ule uji wa mpira ndani unaoziba tundu mwiba ukichomoka. Nimeshawishika. Ila ni kazi ya uangalifu: rimu iwe ya aina inayokubali, utepe uzibe kila tundu la spoku, na uji uangaliwe kila baada ya miezi michache kwa sababu joto huukausha. Asiyeweza gharama hiyo abaki na tyubu, achukue mbili za akiba, na asijaze upepo mpaka tairi iwe jiwe. Mtu wa kilo 75 kwenye tairi ya milimita 40 hahitaji zaidi ya psi 40 kwenye mawe yetu.

Wanachama kadhaa wameuliza kama wanunue fremu za saiklokrosi, ambazo zimeanza kuonekana kwenye makontena kutoka Ulaya. Mchezo huo ulianzia Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 20, na mashindano yake ya kwanza ya dunia yalifanyika Paris mwaka 1950, akashinda Jean Robic. Huchezwa majira ya baridi, kwenye tope, kwa muda wa saa moja hivi, na mwendeshaji hushuka akaibeba baiskeli begani. Ndiyo maana fremu nyingi za zamani hazina hata tundu la kufungia chupa ya pili. Kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, zinataka tairi isizidi milimita 33, kwa hiyo fremu nyingi zimeacha nafasi ya tairi hiyo na tope lake, basi. Ukiingiza tairi ya 40 pengine itaingia, ila tope halitakuwa na pa kupita.

Jibu langu ni kwamba inategemea unaishi upande gani wa mlima. Kwa wenzetu wa mashambani, kwenye udongo wa kahawa unaonata wakati wa masika, fremu ya saiklokrosi na tairi ya 33 inafaa kuliko graveli. Kwa wa upande wa vumbi na mawe, tafuteni nafasi ya milimita 42 au zaidi. Kantileva nyingi zinazokuja na fremu hizo zinaendana na leva zake, na hilo peke yake linanipa usingizi.

Graveli yenyewe ni changa. Mashindano yake ya kwanza ya dunia chini ya UCI yalifanyika mwaka 2022 huko Veneto, Italia. Lakini kwetu ililetwa karibu zaidi na Migration Gravel Race, iliyoanza mwaka 2021 huko Maasai Mara, ng'ambo tu ya mpaka. Vijana wetu wengi walianza kuuliza habari za baiskeli hizi baada ya kumwona Sule Kangangi wa Kenya, nahodha wa Team Amani, timu ya waendeshaji wa Afrika Mashariki. Alifariki tarehe 27 Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Picha yake bado iko gerejini, na mwezi wa Agosti tulisimama kwa dakika moja kumkumbuka. Mtu wa kwetu kupanga mstari mmoja na wakubwa wa dunia ni jambo ambalo vijana wale wanalibeba wakiwa wameshika spana.

Darasa la kusuka magurudumu limekwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Kina dada wanne wanasuka gurudumu la spoku 32 kwa mtindo wa kukatisha mara tatu, na wanalinyoosha kwa kupiga spoku kwa kucha na kusikiliza mlio. Mmoja wao sasa anapewa kazi na mafundi wa mjini. Darasa la vijana wa shule halikwenda. Tuliliweka Jumamosi asubuhi, wakati wengi wao wana kazi za nyumbani. Lawama ni yangu. Litahamia Jumapili alasiri.

Hesabu atawasomea mhazini. Naomba tu mpitishe kifungu cha stendi ya kunyooshea magurudumu, kwa sababu hii tuliyonayo imepinda, na kwenye stendi iliyopinda hata gurudumu zuri huonekana bovu.

Kipindi changu cha uongozi kinakwisha mwezi ujao na fomu za kugombea ziko kwa katibu. Kabla ya uchaguzi nina ombi moja. Yeyote mwenye baiskeli ya usukani wa pembe na breki za V, iwe tuliiunda sisi au aliinunua kwingine, aje nayo gerejini Jumamosi hii kuanzia saa tatu asubuhi. Asiipande, aisukume. Nitakuwepo mwenyewe na venia, na waya mpya tutatoa bure.

Mwenyekiti wenu