Hamadi, usilipie bado ile kontrol boksi

Ndugu yangu Hamadi,

Salamu kwanza, ingawa nina haraka. Natumai u mzima, shemeji hajambo na watoto hawajambo. Huku sote wazima, ila Zuwena ana mafua, na mimi usingizi umenipaa tangu jana usiku uliponitumia ujumbe kwamba umepata Power FC ya mtumba, ile kompyuta ya injini, ya kufunga kwenye Mazda RX-7 yangu, na mwenyewe anataka jibu kabla ya Jumamosi. Nilianza kukujibu kwenye simu, nikafuta, nikaanza tena, nikaona hapatoshi. Ndiyo maana nimekaa kuandika barua nzima kama zamani. Na unisamehe kwa kimya cha miezi miwili. Tangu injini ife sikutaka kuzungumza habari za gari na mtu yeyote, na wewe nilijua ungeuliza.

Neno lenyewe ni hilo la juu: usilipie bado. Sijaikataa. Nasema bado.

Hukuwepo siku ile, na niliyokusimulia kwenye simu yalikuwa nusu tu. Ilikuwa usiku, kuna baridi kidogo, barabara tupu. Presha ya turbo nilikuwa nimeiacha kwenye baa 0.7 kama ilivyotoka kiwandani, na nilijiamini kwa sababu hiyo. Lakini tangu nifunge ile ekzosi pana, moshi ulikuwa unatoka kwa wingi kuliko kile kiwestigeti kidogo, vali ya kuupitisha moshi kando ya turbo, kinavyoweza kuupunguza, na presha ikawa inapanda yenyewe nikikanyaga kwa muda mrefu. Mchana ilikuwa inapanda kidogo, nikaizoea. Usiku ule hewa ya baridi ilikuwa nzito zaidi. Gia ya tatu, mshale ukapita 0.8, nikaona 0.9, nikaachia mafuta. Nimechelewa. Nilisikia mlio mmoja mdogo, kama kijiti kikavu kinapokanyagwa. Baada ya hapo sailensa ikawa inatetemesha gari zima.

Kesho yake Shabani alipima kompresheni ya zile rota mbili, ambazo kwenye injini hii ndizo zinazofanya kazi ya pistoni. Rota ya mbele nzima. Rota ya nyuma, katika zile nyuso tatu, moja ilikuwa inasukuma vizuri na mbili zinapumua tu. Maana yake unaijua. Sili ya ncha, kile kipande cha chuma kinachoziba kona ya rota, iliyokaa kati ya hizo mbili ndiyo iliyovunjika. Tulipofungua tuliikuta imekatika pembe, kipande kama ukucha wa kidole kidogo, na kipande hicho kilikuwa kimeshakwaruza ukuta wa nyumba ya rota, kikatoka na moshi na kwenda kupiga mapanga ya turbo ya kwanza. Ukucha mmoja wa chuma, Hamadi. Nilikishika mkononi nikashindwa kusema kitu. Shabani akaniacha peke yangu gereji, akaenda kununua soda ambazo hatukuzinywa.

Sasa kile kisanduku nilichokuwa nimekipachika, Shabani alikuwa anakiita kisanduku cha kudanganya, na jina lilikifaa. Kinakaa katikati ya sensa na kompyuta ya kiwandani, kinabadilisha taarifa ili kompyuta iongeze mafuta hapa, ipunguze pale. Kompyuta yenyewe ya 1993 haijui kinachoendelea, inaamini inachoambiwa. Presha ikiwa ile ile uliyoipangia, mambo yanakwenda. Presha ikipita pale, kisanduku kinaishiwa na uongo, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ya gari lingine kabisa. Sikilaumu. Nilikipa kazi isiyokuwa yake.

Toka siku ile kila kompyuta ninayoifikiria naiuliza swali moja: siku kitu kitakapoharibika, na mimi macho yangu yako barabarani, wewe utafanya nini?

Na hapo ndipo ninapokwama na Power FC. Ubaya wake si mkubwa, na nisingependa uone kama naidharau, maana gari lako limekwenda nayo miaka yote na halijawahi kukulaza njiani. Ilitengenezwa kwa ajili ya gari hili. Inaingia kwenye soketi zile zile. Inajua namna turbo zinavyopokezana, ya kwanza peke yake huku chini na ya pili kuingia kwenye mizunguko kama 4,500 kwa dakika. Inaiendesha ile pampu ya kumwagia oili ndani ya rota bila kuuliza. Kompyuta nyingi mpya, vitu hivyo viwili ama unakaa chini kuvipanga mwenyewe, au unavitupa. Na ramani zake, yaani majedwali ya mafuta na cheche, zimeshajaribiwa na watu wengi kiasi kwamba makosa yake yanajulikana.

Lakini iulize lile swali langu. Presha ya mafuta ikishuka kwenye mizunguko 6,000 kwa sababu pampu imechoka au chujio limeziba, yenyewe itaendelea kufungua nozeli za mafuta kwa muda ule ule ulioandikwa kwenye ramani, kana kwamba mafuta yapo. Haina macho ya kuona kwamba mchanganyiko umekuwa mkavu, hewa nyingi mafuta machache. Ile sensa ya oksijeni ya kiwandani inajua kusema kitu kimoja tu, umepita hewa 14.7 kwa mafuta 1 au hujafika, na injini hii turbo ikiwa inasukuma inataka kwenye 11 hadi 11.5. Ukitaka kuona kweli inabidi ufunge waidibendi pembeni, sensa inayopima mchanganyiko kwa namba kamili, na ukitaka kurekodi kwenye laptopu unahitaji kisanduku kingine tena. Na hata ukiona, ni wewe unayeona. Kompyuta haioni.

Hizi za sasa, Haltech na Link, unaiunganisha waidibendi humo humo, unaweka sensa ya presha ya mafuta, sensa ya presha ya oili, halafu unaiamuru: turbo ikiwa juu ya kiasi fulani na mchanganyiko ukakauka kwa nusu sekunde, kata. Nusu sekunde. Mimi usiku ule nilihitaji sekunde mbili nzima kuuamini mshale niliokuwa nautazama. Nimeshapiga hesabu ya jambo hili mara nyingi kuliko afya inavyoruhusu. Kwenye mizunguko 7,000 mzunguko mmoja wa shafti unachukua milisekunde 8 na nusu hivi, na kila rota inawaka mara moja kwa kila mzunguko. Katika sekunde zangu mbili kila rota ilishawaka mara zaidi ya mia mbili.

Basi ungeniambia, chukua Haltech, kuna shida gani?

Shida ni Idi. Idi ndiye pekee tunayemjua mwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, anayoiendesha kwa subira, na Haltech anaijua ndani nje. Nilipomtajia kompyuta nyingine, MoTeC (Shabani ndiye aliyenitia maneno hayo) alinijibu kwa heshima tu, "Kaka, niletee ninayoijua." Nilimpenda kwa jibu hilo. Lakini Idi magari yake yote ni ya pistoni. Nilimuuliza habari za plagi mbili kwa kila rota, ya mbele kuwaka kwanza na ya nyuma kufuata kwa nyuzi kama 10 au 15, akanyamaza kidogo kisha akasema atasoma. Najua atasoma kweli. Ila injini ya pistoni ikigonga kidogo, yaani mafuta yakilipuka ovyo, inakuonya, unarudisha taimingi ya cheche nyuma, unaendelea. Hii yetu ikigonga mara moja ukiwa na presha, sili imekwenda. Hakuna onyo la pili.

Kwa hiyo ona nilivyokaa. Mtu anayeijua kompyuta mpya haijui injini. Mtu anayeijua injini, ambaye ni wewe, anaijua kompyuta ya zamani kwa kufumba macho. Nimezunguka hapo tangu jana.

Kuna na habari ya waya, ambayo sikukuambia. Shabani alipokuwa anatoa nozeli, kishikizo cha soketi kilivunjika mkononi mwake kama biskuti. Cha pili vile vile. Waya zote zilizopita juu ya injini zimekauka kwa joto la turbo la miaka zaidi ya 30. Sasa ukipachika kompyuta yoyote, hata iwe mpya kiasi gani, kwenye soketi za kiwandani, taarifa zote bado zinapita kwenye waya zile zile. Waya wa sensa ukipasuka ndani, kompyuta itapokea uongo na haitajua. Nimeamua kwamba waya za injini zitasukwa upya, liwe liwalo. Na nikishasuka upya, ule uzuri mkubwa wa Power FC wa kuingia moja kwa moja unapungua, si ndiyo? Hapa ndipo moyo wangu unaponielekeza Haltech, halafu nakumbuka ukimya wa Idi, narudi nyuma.

Huyo muuzaji amekuambia "ina ramani tayari". Tafadhali jambo hilo lisikushawishi, najua hata wewe linakuchekesha. Ramani ile ni ya nozeli zake. Mimi nozeli zangu ni zile za kiwandani, mbili za sisi 550 kwa dakika na mbili za 850, na kama yeye alikuwa na kubwa zaidi, injini yangu itakuwa na njaa tangu siku ya kwanza. Hata ukubwa ukilingana, nozeli haifunguki papo hapo unapoipa umeme, inachelewa kidogo, na betri ikishuka inachelewa zaidi. Kila aina na kuchelewa kwake. Nikiipokea nitaifuta yote na kuanza na ramani ya kiwandani, ya kuwasha tu na kufika kwa Idi.

Jambo jingine ambalo tumekosana kidogo na Shabani: ile pampu ya kumwagia oili ndani ya rota. Yeye anataka tuitoe, nichanganye oili ya tustroku kwenye tanki kila ninapojaza. Anasema pampu ya kiwandani inachota oili ya injini, ambayo haikutengenezwa kuungua, na ile mota yake ya umeme ikifa sili zinakauka bila habari. Ana haki. Lakini kuna siku gari atalichukua mtu mwingine kulijaza, Zuwena au yule mdogo wangu, na atasahau. Nataka ibaki. Pengine na oili kidogo tankini juu yake. Sijui, tutaongea.

Nguvu zenyewe, Hamadi, sizitafuti. Nataka uelewe hilo kabla hujanijibu. Shabani kila siku ananitajia namba. Mimi nataka baa 0.7 ile ile, westigeti iliyopanuliwa ili presha isipande yenyewe, sensa ya joto la hewa inayojibu haraka badala ya ile ya kiwandani inayokaa imepata moto baada ya foleni, na kompyuta itakayokata kabla yangu. Injini hii imejengwa kwa mkono kwa wiki sita. Nililala gereji usiku wa mwisho.

Sasa haya ndiyo ninayokuomba. Kama unaweza kuja siku mbili, ukae kiti cha abiria na laptopu, Idi akiwa kwenye programu yake na wewe kwenye injini, nitachukua Haltech na hatutazungumza tena. Yeye aandike, wewe umwambie pa kusimama. Nimeshamuuliza, amekubali, na amesema atafurahi kujifunza. Kama huwezi kuja, basi lipia hiyo Power FC Jumamosi, kwa sababu hiyo tunaweza kuitengeneza mimi na wewe kwa simu polepole, na macho yake nitayafunga pembeni mwenyewe.

Kabla ya hapo nijibu haya. Hiyo unayoiona ni ya magari ya 1992 hadi 1995 kweli? Soketi za yale yaliyofuata hazilingani. Ina kile kirimoti chake cha mkononi, au ni boksi tupu? Umeifungua ukaangalia ndani kama kuna unyevu au mahali palipochomelewa? Mwenyewe anaiuza kwa nini, gari lake limekufa au amebadilisha, na kama limekufa, lilikufaje? Wewe taimingi ya plagi za nyuma uliiacha ngapi presha ikiwa juu, bado 15? Turbo zako bado zinapokezana, au na wewe uliziunganisha zifanye kazi pamoja kama alivyofanya Mdachi? Nikiziacha zipokezane, Idi ataweza kuzipanga kwenye Haltech au tutapoteza siku nzima kwenye ile mipira ya vakyumu? Na siku mbili hizo, mwisho wa mwezi unaweza?

Nipigie hata kama ni usiku, sijalala.

Wako,
Mbaraka