Wakubwa wa kazi, tuachieni jioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wakuu wa ofisi, za serikali na za binafsi, wenye magrupu ya WhatsApp ya kazi.

Baba yangu alilima zabibu Mpunguzi tangu sijaanza shule. Huku kwetu Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na baada ya mavuno mizabibu hupogolewa. Kwenye kupogoa ndiko kuna kazi yenyewe: ukikata ovyo, msimu unaofuata unavuna majani. Mwaka juzi, Jumamosi moja, baba aliniita shambani. Alikuwa ameshachoka, mkasi unamtetemeka mkononi. Akainama kwenye shina moja la zamani, akaweka kidole kwenye jicho la tawi, akaanza: "Mwanangu, hili ukiliona limeelekea juu namna hii..."

Simu ikalia. Mkuu wangu alitaka takwimu za kikao cha Jumatatu, na kwenye grupu wenzangu walishaanza kupangana: "Nimepokea, mkuu." Nikageuka pembeni, nikaandika. Baba akanyamaza, kidole kikiwa bado pale pale. Nilipoinua uso, robo saa baadaye, alikuwa ameshahamia mstari wa pili. "Tutaongea ukimaliza, mwanangu," akasema. Wala hakukasirika.

Hatukuongea. Juni mwaka jana tulimzika. Baada ya mavuno yaliyofuata, mimi na kaka yangu tuliingia shambani na mkasi ule ule, nikasimama mbele ya shina lile. Jicho nalijua lilipo. Nisichokijua ni kama likielekea juu unalikata au unaliacha. Jirani alitusaidia, na kazi anaijua vizuri. Lakini mimi nilikuwa na baba yangu, mzima, ananieleza kwa kinywa chake.

Tumezoea kulaumu watoto. Binti yangu wa miaka tisa hana simu. Yeye ndiye hunishika kidevu ili nimtazame anapohadithia mambo ya shule. Zamani umeme ukikatika hapa Nzuguni tulitandika mkeka nje, tukaota upepo na kupiga soga mpaka usingizi utushike. Siku hizi ukikatika, kila mtu anabaki na mwanga wake usoni.

Tangu mwisho wa mwaka jana, saa kumi na mbili na nusu jioni, simu yangu na ya mume wangu zinaingia kwenye kikapu cha ukindu ambacho baba alikuwa akinitumia zabibu. Zinakaa humo hadi watoto walale. Kitochi kinabaki mezani na ndugu wote wana namba yake, kwa hiyo mwenye mgonjwa au msiba atatupata. Wiki ya kwanza mkono wangu ulikuwa unapapasa meza wenyewe. Jioni moja ya wiki ya pili mume wangu akatusimulia jinsi alivyokuwa akimsaidia mama yake kusaga uwele kwa jiwe, huko Kondoa, na wimbo waliokuwa wakiimba. Tuna miaka kumi na moja ya ndoa. Sikuwahi kuusikia.

Ila kikapu hakinisaidii kama asubuhi naulizwa mbele ya wenzangu kwa nini sikujibu jana saa tatu usiku. Nimeshaulizwa mara mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zile dakika za usiku kwenye grupu nani anazihesabu? Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi kukaa nao na kujadili haki yao ya kuachana na simu za kazi baada ya saa za kazi. Hapa kwetu si lazima tungoje Bunge. Mkuu akikumbuka jambo usiku, aliandike kwenye daftari lake, alitume asubuhi. Likiwa la dharura kweli, apige.

Msimu ujao wa kupogoa nakwenda Mpunguzi na binti yangu. Jirani amekubali kutufundisha wote wawili, tuanzie kwenye shina lile. Itakuwa Jumamosi. Grupu nitalijibu Jumatatu.

Mama wa watoto wawili,
Nzuguni, Dodoma