Malalamiko kuhusu jedwali lenu la magari ya michezo yenye kasi kuliko yote

Kwa Mhariri Mkuu na Mkurugenzi wa Kampuni,
Dar es Salaam.

YAH: MUDA WA MIZUNGUKO YA NÜRBURGRING ULIOCHAPISHWA BILA MATAIRI, UREFU WA NJIA WALA HALI YA HEWA

Ndugu Mhariri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msomaji wenu wa kulipia, na kazi yangu ni fundi wa matairi hapa Dar es Salaam. Jarida lenu ni miongoni mwa machache yanayoandika habari za magari kwa Kiswahili, na vijana ninaofanya nao kazi gereji wanalisoma kuliko kitabu chochote cha ufundi. Ndiyo maana jedwali la toleo lililopita limeniuma. Mmepanga magari ya michezo kwa muda wa mzunguko mmoja wa Nordschleife, njia ndefu ya uwanja wa mbio wa Nürburgring kule Ujerumani, wa kwanza hadi wa mwisho, mkaandika juu yake kwamba saa haidanganyi. Saa ilipima sawasawa. Mpangilio wenu ndio wenye makosa, na naomba niwaonyeshe ni wapi.

Nianze na urefu wa njia, maana hapo kosa linaonekana kwa kalamu na karatasi tu. Nordschleife imepimwa kwa namna mbili. Kwa miaka mingi viwanda vilitumia kilomita 20.6: saa inaanza baada ya jukwaa la watazamaji la T13 na kusimama kabla ya kulifikia tena, kipande cha mbele ya jukwaa kikiachwa. Tangu 2019 wenye uwanja wanatambua muda rasmi wa mzunguko mzima wa kilomita 20.832. Ninyi mmevichanganya vipimo vyote viwili kwenye safu moja. Mmeweka Lamborghini Aventador SVJ kwa 6:44.97 (dakika 6 na sekunde 44.97) ya mwaka 2018, ikafuata Porsche 911 GT2 RS kwa 6:47.3 ya 2017, kisha Mercedes-AMG GT Black Series kwa 6:48.047 ya Novemba 2020. Namba zote tatu ni za kweli. Lakini mbili za kwanza ni za njia fupi, na ya tatu ni ya njia ndefu. AMG wenyewe walitangaza kwamba gari lao, kwa kipimo cha kilomita 20.6, lilitumia 6:43.616. Gari mliloliweka nyuma ya wenzake wawili lilipaswa kuwa mbele yao. Tofauti ya vipimo ni mita 232, na gari lile lilizimaliza kwa sekunde nne na nusu hivi, yaani mwendo wa karibu kilomita 190 kwa saa. Hesabu hiyo inafanyika kwa dakika moja, na mtu yeyote kwenye chumba chenu cha habari angeiona kasoro kama safu ya urefu wa njia ingekuwepo.

Sasa matairi. Hapa mtanivumilia nikirefusha, kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Magari hayo yana nguvu za farasi 700 na zaidi, yana mabawa makubwa na breki za kauri, lakini vyote hivyo vinafika kwenye lami kupitia vipande vinne vya mpira. Mpira laini unang'ang'ania vichanga vya lami, unakubali kona kwa spidi kubwa, na unaisha haraka. Mpira mgumu unadumu, ila unaachia mapema. Inameni mtazame ubavuni mwa tairi lolote lililotengenezwa kuuzwa Marekani: mtakuta neno TREADWEAR na namba pembeni yake. Ni kipimo cha kudumu, ambapo 100 ni tairi la rejea. Michelin Pilot Sport 4S, tairi zuri la barabarani kwa magari yenye kasi, limeandikwa 300. Pilot Sport Cup 2, ambalo magari mengi ya michezo hutoka nalo kiwandani, limeandikwa 180. Pirelli P Zero Trofeo R limeandikwa 60. Kila kiwanda hujipa namba chenyewe, kwa hiyo siyo halali kulinganisha Michelin na Pirelli kwa namba hizi kama vile zimetoka kwenye mzani mmoja. Hata hivyo, kati ya 300 na 60 hakuna fundi atakayewaambia ni mpira wa aina moja. Aventador SVJ ilivaa Trofeo R. AMG ilivaa Pilot Sport Cup 2 R, ambalo ni laini kuliko Cup 2 ya kawaida. Taarifa hizo viwanda vilizitoa hadharani pamoja na muda. Jedwali lenu lina safu ya rangi ya gari. Safu ya tairi haipo.

Na hata jina la tairi halitoshi. Matairi haya yana kiwango chake cha joto. Likiwa baridi linateleza. Likipita kiasi, mpira wa juu unalainika na kuanza kupakaa, gari linaacha kushika barabara. Kila linapopata moto na kupoa, mpira unakakamaa kidogo, kwa hiyo tairi jipya na lile lililokwisha kukimbizwa uwanjani kwa siku kadhaa hayafanani tena, hata kama kashata bado zinaonekana nzuri. Halafu upepo wa ndani ya tairi: joto la tairi likipanda nyuzi 10, presha inapanda kwa PSI (kizio cha presha) moja na nusu hivi. Ndiyo maana mafundi wa mbio hupima upepo tairi likiwa la moto, na hulipunguza upepo kabla halijaingia njiani. Mzunguko wa kilomita 20 ni mrefu kiasi kwamba tairi linaweza kuanza likiwa halijapata moto na kumaliza likiwa limezidiwa. Dereva anayejua tairi lake anajua pia aanze wapi kulikamua.

Hali ya hewa mmeipita kimya kabisa. Siku ya AMG hewa ilikuwa nyuzi 7 na lami nyuzi 10. Hewa ya namna hiyo ni nzito: ukilinganisha na mchana wa hapa kwetu wa nyuzi 32, ujazo uleule una hewa zaidi kwa karibu asilimia 9. Injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) inapata nguvu moja kwa moja, yenye turbo inapoa vizuri, bawa linalikandamiza gari chini zaidi, ingawa hewa hiyohiyo inalizuia gari kwenye njia iliyonyooka, na tairi linachelewa kupata moto. Baridi inasaidia hapa na kuumiza pale, kwa hiyo msomaji asipopewa nyuzi joto hana namna ya kupima. Tena uwanja wenyewe uko kwenye vilima vya Eifel, na kati ya sehemu ya chini na ya juu kuna tofauti ya karibu mita 300. Upande mmoja unaweza kuwa umelowa na mwingine mkavu kwa saa ileile.

Mfano ni Porsche 911 GT3 RS ya Oktoba 2022, ikiendeshwa na dereva wa mbio Jörg Bergmeister. Ilipata 6:49.328 kwa njia ndefu, na Porsche ilieleza kwamba upepo mkali ulikuwa ukiipiga usoni kwenye Döttinger Höhe, ile njia ndefu iliyonyooka kuelekea mwisho wa mzunguko. Ninyi mmeandika kwamba gari hilo limeshindwa na AMG. Tofauti yao ni sekunde 1.3 katika dakika karibu saba, yaani chini ya nusu ya asilimia moja. Seti tofauti ya matairi, au upepo ule kugeuka, ingetosha kuifuta. Kuandika neno "limeshindwa" kwa tofauti ya namna hiyo ni kumpotosha msomaji.

Kama mnadhani natafuta makosa madogo, kumbukeni 2008. Nissan ilitangaza kwamba gari lake la michezo, GT-R, limezunguka kwa 7:29. Porsche wakanunua GT-R yao wenyewe, wakaipeleka, wakapata 7:54. Sekunde 25 kati ya magari yanayoitwa jina moja! Porsche walitilia shaka matairi. Nissan wakajibu kwamba gari lao lilikuwa la kawaida na matairi ni yale yanayouzwa nalo. Dunia nzima ya magari ilibishana kuhusu tairi, dereva na siku. Tangu hapo waandishi makini wa habari hizi huandika tairi pembeni ya muda, na ningetarajia jarida linalojiita la wataalamu lifanye hivyo.

Madhara ya jedwali lenu yamefika gereji. Mteja mmoja alikuja na ukurasa wenu umekunjwa mfukoni, akaufungua juu ya kibao changu cha kazi, akaniambia anataka matairi ya gari la kwanza, yaifae GT-R yake ya kuendea kazini. Ilikuwa masika. Nilimchukulia Pilot Sport 4S nikaliweka kando ya picha ya Trofeo R, nikamwonyesha mifereji: hili lina mifereji mipana ya kumwaga maji pande zote, lile ni mpira mtupu wenye mikato michache. Kwenye maji ya Barabara ya Morogoro, tairi la pili linaelea juu ya maji na usukani unakuwa hauna kazi. Alikuwa hajui kwamba muda aliousoma ulipatikana kwa tairi la aina hiyo, njia ikiwa imefungwa, dereva akiwa ni mtaalamu. Angejuaje, wakati ninyi hamkumwandikia? Nilimuuzia tairi la barabarani, akaondoka akiamini namnyima kitu kizuri.

Niliwaandikia barua pepe kuhusu jambo hili. Nilijibiwa kwa mstari mmoja kwamba namba zimetoka kwa watengenezaji. Ni kweli zimetoka kwao, lakini zilipotoka kwao zilikuwa na jina la tairi, tarehe, urefu wa njia, na mara nyingine nyuzi joto. Vyote hivyo mmevikata ninyi, kisha mkapanga kilichobaki kama matokeo ya mtihani mmoja.

Ninachoomba ni hiki. Toleo lijalo lichapishe masahihisho, na yakae kwenye ukurasa uleule wa jedwali, yasifichwe kwenye kona ya barua za wasomaji. Muda wa njia fupi na wa njia ndefu utenganishwe. Kila muda uwe na tairi lake kwa jina kamili, tarehe, na joto la hewa na lami pale yalipotangazwa. Yasipotangazwa, andikeni hivyo. Chini ya jedwali wekeni onyo kwamba matairi ya aina ya Trofeo R na Cup 2 R si ya kuendeshea kwenye mvua. Nakala za toleo lililopita bado ziko kwenye vibanda, kwa hiyo naomba onyo hilo litangulie kwenye kurasa zenu za mtandaoni wiki hii, kabla mvua hazijaisha.

Nipo tayari kuja ofisini kwenu na matairi mawili, moja la kila aina, niwaonyeshe waandishi wenu kwa mkono. Sihitaji malipo.

Wenu katika kazi,

Msomaji na fundi wa matairi,
Kinondoni, Dar es Salaam.