Barua kwa mwanangu: mti unywe maji kila siku

Worcester, Oktoba 10

Mama Imani, mwanangu,

Marahaba. Simu ya jana ilikatika kabla sijamaliza, na yaliyobaki ni mengi mno kwa ujumbe wa sauti. Umesema wakwe zako wanakuja kula Sikukuu ya Shukrani kwako, na unataka wakute mti wa Krismasi umeshasimama sebuleni, mti mbichi, pale pembeni ya dirisha. Nyumba yako ni ya mbao kuanzia sakafu hadi paa, na chini ya dirisha hilo ndipo lilipo tundu la hewa ya moto inayopasha nyumba joto. Tangu jana nawaza moto tu.

Piga hesabu. Sikukuu ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na mwaka huu ni tarehe 26. Mti ukisimama siku hiyo ukakaa mpaka Epifania, Januari 6, hizo ni karibu wiki sita. Mti uliokatwa, hata ukitunzwa vizuri, ni wa wiki nne, na tano ukiwa wa aina nzuri. Huu si kama mti wa Krismasi wa nyumbani Tanzania, unaokatwa tarehe 24 jioni na siku mbili baadaye umeshatupwa. Kwa hiyo nakuomba: wakwe wakute nyumba imepambwa kwa mapambo ya mapukutiko, majira haya ya majani kuanguka, na mti uingie ndani wiki ya pili ya Desemba. Kama huwezi kungoja, nunua wa plastiki, na usome lebo iseme wazi kwamba haushiki moto kwa urahisi.

Mapambo ya mapukutiko unayaweza. Rangi za kibaraza ulizonionyesha zimenipendeza sana, ila jana nilikuwa nagomba ndiyo maana sikukwambia. Maboga kanunue Circleville, hapo kusini mwa Columbus, Ohio. Tamasha lao la maboga, lililoanza 1903, hufunguliwa Jumatano ya tatu ya Oktoba. Bonyeza kitako cha boga kwa kidole gumba, kikibonyea liache. Usilibebe kwa kikonyo, maana kikikatika, kuvu huingilia hapo hapo. Lioshe kwa lita 4 za maji zenye kijiko kikubwa kimoja cha jiki, likauke kabisa, kisha likalishe juu ya kadibodi au ubao, lisigusane na saruji yenye unyevu. Boga zima likikaa pakavu penye ubaridi kiasi humaliza miezi miwili na zaidi, kwa hiyo hayo hayo ya Oktoba yatakufikisha Sikukuu ya Shukrani. Lililochongwa halimalizi wiki. Chonga siku mbili au tatu kabla ya Oktoba 31, usiku wa Halloween watoto wanapopita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende, si mapema, na usiku wa jalidi uyaingize yote ndani: boga likiganda usiku na kuyeyuka mchana, nyama yake inakuwa uji.

Ndani ya boga lililochongwa weka taa ya betri. Usiku huo watoto wa mtaani watapanda ngazi zako na nguo ndefu zinazoburuza, na mshumaa uko usawa wa pindo zao.

Robota la kukalishia maboga liwe la mabua ya ngano, si la nyasi kavu za mifugo. Nyasi zina mbegu. Zikinyeshewa zinaota na kuvunda. Liweke mbali na mahali baba mkwe wako anapovutia sigara, na usione haya kumwekea kopo la mchanga. Krisanthemamu chagua vyungu vyenye vitumba vingi ambavyo havijafunguka, na umwagilie udongo, si maua.

Matawi ya majani mekundu na ya njano ambayo umesema utayatundika juu ya meko ya kuotea moto yanapendeza, lakini baada ya wiki ni kuni za kuwashia. Yanayofaa ni majani yaliyolowekwa kwenye gliserini: kipimo kimoja cha gliserini kwa viwili vya maji, kwenye trei, yazame kabisa kwa siku tatu hadi tano, ukiyakandamiza kwa sahani. Yatabaki laini, na rangi itakolea kidogo. Hata hivyo, siku unayowasha moto kwenye meko, kila kilicho juu ya rafu kishuke. Kila kitu, mama, pamoja na soksi za mtoto.

Mezani tumia kile kitenge cha rangi ya kutu. Kikate upana wa sentimita 35, urefu uzidi meza kwa sentimita 15 kila upande, pindo likunjwe mara mbili. Mapambo ya katikati yasizidi kimo cha sentimita 30, la sivyo wageni watazungumza na maboga. Mishumaa iwe ya betri. Najua mkwe wangu anapenda ya kweli, lakini pale mezani kuna mahindi makavu ya rangi, kuna majani, na kuna mkono wa mtoto wa miaka miwili. Mwaka 1882 Edward Johnson, aliyefanya kazi na Edison, alifunga balbu 80 kwenye mti wake kule New York, watu wakaanza kuachana na mishumaa. Sioni sababu ya kuirudisha. Na Sikukuu ya Shukrani ndiyo siku inayoongoza kwa moto wa jikoni nchi nzima, kwa hiyo hata taulo za sahani zenye picha ya bata mzinga usizitundike kwenye mpini wa jiko.

Sasa mti. Chukua aina iitwayo Fraser, hushika majani yake kuliko wengi na matawi yake yanabeba uzito. Palepale shambani shika tawi, vuta kiganja kuelekea kwako: majani mabichi yakikujaa mkononi, mti ule ulikatwa zamani, uache. Dari yako ni futi 8, basi mti usizidi futi 6 na nusu, maana stendi na nyota navyo vinataka nafasi.

Ukifika nyumbani kata sentimita 2 na nusu za kitako kwa msumeno, mkato ulionyooka, na ndani ya saa chache mti uwe majini. Ukichelewa, utomvu unaziba mkato na mti haunywi tena. Kama hamko tayari, usimamishe gereji kwenye ndoo ya maji. Shina likigoma kuingia kwenye stendi, badilisha stendi. Usilichonge kando, kwa sababu maji hupandia zaidi tabaka za nje, zilizo chini ya gome. Sukari, aspirini, soda, yote hayo acha. Maji ya bomba yanatosha.

Stendi iwe ya kubeba walau lita moja kwa kila inchi ya unene wa shina. Shina la inchi 4 linataka lita 4, na siku ya kwanza mti unaweza kuzimaliza zote. Angalia asubuhi na jioni. Maji yakishuka chini ya mkato kwa saa kadhaa, utomvu unaziba tena, na dawa ni moja tu: kuushusha na kuukata upya. Nani atafanya hivyo mti ukiwa umeshavaa mapambo yote? Watu humimina maji juu ya kitako kilichoziba, wanaona stendi imejaa, wanaridhika, kumbe mti unakauka umesimama majini. Kwa hiyo usitazame kama maji yapo. Tazama kama yanapungua. Yasipopungua siku mbili na majani yakidondoka ukiligusa tawi, utoe nje, hata kama ni mkesha wa Krismasi na wageni wako njiani.

Na tundu la hewa ya moto: mita moja kutoka kwenye mti, si pungufu. Kona ya upande wa ngazi inafaa zaidi ya dirishani. Najua hautaonekana kutoka barabarani.

Taa. Kipimo cha kawaida ni taa 100 kwa kila futi ya mti. Lile boksi la taa nililokupa ulipohama, usilitumie. Ni za balbu za zamani, zinapata joto, kila uzi wa taa 100 hula wati 40 hivi, na hauruhusiwi kuunga zaidi ya nyuzi tatu mfululizo. Ukizidisha, fyuzi ndogo ndani ya plagi inakatika, na hapo ndipo watu huweka fyuzi kubwa kuliko inayotakiwa. Nilipaswa kuzitupa mwenyewe. Nunua za LED, uzi mmoja hauzidi wati 7 au 8, na idadi ya kuunganisha imeandikwa kwenye lebo. Funga taa kwanza, kabla ya pambo lolote, ukianzia karibu na shina kuja nje. Ndipo mti unaonekana una kina. Mapambo makubwa yaingie ndani ya matawi, ya kioo yapande juu kuliko mikono ya Imani, na kilele ukifunge ukutani kwa uzi wa kuvulia samaki.

Ekstensheni isipite chini ya zulia. Waya ukikanyagwa unachubuka, na joto lake halina pa kutokea. Za nje ziwe zimeandikwa kuwa ni za nje, zichomekwe kwenye soketi inayojikata yenyewe, ile yenye vibonye viwili katikati. Nyuzi za paani zishikwe kwa klipu, pini za kugongea hutoboa waya. Weka saa ya kuzima, saa nne usiku kila kitu kizimike. Ukitoka, zima. Ukilala, zima.

Nimekuuliza mara mbili kuhusu king'ora cha moshi na mara zote mbili umenijibu kwa kikatuni kinachocheka. Geuza usome tarehe ya kutengenezwa. Kama kimepita miaka 10, nunua kingine, hata kama kinalia.

Yale matunda mekundu ya holi usiyaingize ndani, Imani atayala. Ua la Krismasi, lile la majani mekundu linalopita ukuta kule kwetu Moshi, huko ni mtoto wa chungu: baridi chini ya nyuzi joto 10 za Selsiasi inaliharibu, lifunike kutoka dukani hadi kwenye gari. Toboa ile karatasi ya kung'aa chini ya chungu, maji yakituama mizizi inaoza.

Mdogo wako ameniambia umemwahidi taa. Usimpelekee za huko. Zimetengenezwa kwa volti 120 na umeme wa Tanzania ni 230. Zitaungua siku hiyo hiyo. Mtumie hela anunue Moshi mjini, na salio la ada lake usilisahau, amenung'unika kwangu. Sufuria langu kubwa liko kwako bado, lirudishe kwa mjomba akija Novemba. Baba yako anameza dawa, ila chumvi hajaacha.

Shada la mlango nitakutengenezea mimi. Nitalifunga kwa waya, si gundi ya moto, kwa kuwa mlango wako una ule wa kioo mbele yake, na jua likipiga kati ya milango miwili gundi inalainika na kila kitu kinaanguka. Mlango wa inchi 36 unataka shada la inchi 24. Lakini nyumba za zamani milango yake hailingani, kwa hiyo chukua tepu leo, upime upana, na nafasi kati ya mlango na kile kioo, unitumie kabla ya Jumatano ninapokwenda kununua matawi.

Nisalimie mkwe wangu. Mbusu mke mwenzangu Imani.

Mama yako