Kwa Nini Kompyuta Haiwaki Baada ya Kuwekewa Windows 7, na Kwa Nini Hatutozi Elfu Kumi

Lalamiko linalotufikia mara kwa mara katika karakana yetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ni kwamba tunatoza bei kubwa kwa kazi ya "kupiga Windows", yaani kuweka upya mfumo unaoiendesha kompyuta, ilhali kijana mwenye flashi mtaani anaifanya kwa shilingi elfu kumi. Hatuna ugomvi na vijana hao, na kwa kompyuta za zamani wengi wao wanaifanya vizuri. Shida huanza pale mwenye kompyuta mpakato ya miaka ya karibuni anapotaka arudishiwe Windows 7, ama kwa kuwa anaiona nyepesi, ama kwa kuwa printa yake haielewani na mfumo mpya, kisha anatuletea mashine isiyowaka akiamini kwamba mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, imekufa.

Mara nyingi mazabodi ni nzima. Windows 7 ilitoka mwaka 2009, na ulinzi wa Secure Boot, unaokubali kuwasha mifumo inayotambulika tu, ulikuja na Windows 8 mwaka 2012, hivyo kompyuta yenye ulinzi huo huukataa mfumo wa zamani kabla haujaanza. Ukiuzima, unakutana na jambo la pili, kwamba Windows 7 bado hutegemea huduma za BIOS ya zamani (programu ya ndani inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows) ili kuonyesha picha kwenye kioo, na Intel ilikwisha kutangaza mwaka 2017 mpango wa kuziondoa huduma hizo kufikia 2020. Ndiyo maana yanatokea maandishi ya Starting Windows, vidoa vya rangi vinaanza kuchomoza, halafu kioo kinaganda hapo hapo hata ukisubiri mpaka betri iishe. Kwa wengine flashi inasomeka mwanzoni lakini inapotea katikati ya kazi, kwa sababu Windows 7 haikuja na draiva za USB 3.0, yaani programu ndogo za kuzitambua tundu hizo; na kama diski ni ya NVMe, aina mpya yenye kasi, huenda isionekane kabisa. Kioo cha bluu chenye namba 0x0000007B nacho mara nyingi hutokana na mtu aliyegusa mpangilio wa SATA, yaani namna kompyuta inavyowasiliana na diski, baada ya mfumo kuwekwa.

Hayo yote yanarekebishika au, walau, yanaelezeka. Kinachotuumiza ni njia ya mkato. Mtu akiwasha mtindo wa Legacy, yaani uwashaji wa BIOS ya zamani, programu ya kuweka Windows humwambia kwamba diski ni ya GPT (mgawanyo mpya wa diski) na haiwezi kutumika, naye, badala ya kusimama hapo, anafuta sehemu zote za diski ili aendelee. Mwalimu mmoja wa Tukuyu alifutiwa hivyo na mpwa wake, na humo mlikuwa na alama za wanafunzi na picha za msiba wa baba yake. Kwenye diski ya kuzunguka tungekuwa na matumaini makubwa, lakini yake ilikuwa SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, ambayo mara nyingi ikishafanyiwa fomati (kufutwa na kuandaliwa upya) huyasafisha mafaili kabisa. Tulipata machache tu, na gharama ilizidi mara kadhaa bei aliyoikwepa.

Bei yetu ni shilingi elfu arobaini, na muda mwingi unakwenda kabla flashi haijachomekwa: tunapima afya ya diski, tunanakili mafaili ya mteja, tunapiga picha mipangilio yote ya BIOS, tunatafuta draiva za modeli hiyo hiyo na kuziingiza kwenye flashi. Kompyuta tunaikabidhi baada ya kuizima kabisa na kuiwasha mara kadhaa, ikiwa na chaja na bila chaja.

Wakati mwingine tunakataa kazi. Msaada wa Microsoft kwa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, na Chrome, programu ya kufungulia mtandao, nayo iliishia toleo la 109 kwa mfumo huo, kwa hiyo hatushauri mtu afanyie miamala ya benki humo. Fundi wa stika wa Mafiati, ambaye mashine yake ya kukatia inadai Windows 7, tulimwekea mfumo huo ndani ya VirtualBox, programu inayoigiza kompyuta nyingine, juu ya Windows 10 yake. Alinung'unika kwamba si alichoagiza, lakini mashine inakata na mafaili yake yapo.

Kama kompyuta yako imekwisha kugoma, usikubali mtu aifanyie fomati ili "kujaribu tena". Ilete na chaja yake, ututajie modeli ya printa au mashine unayoitumia, na uje na anwani ya barua pepe uliyofungulia akaunti ya Microsoft, kwa kuwa kompyuta nyingi mpya hufunga diski kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda mafaili, na ufunguo wake wa tarakimu 48 kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti hiyo. Bei ya kurejesha mafaili tunaitaja baada ya kuikagua diski, na mteja akiamua kutoendelea, ukaguzi huo hatuutozi.