Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakusanyaji Madini

Ndugu wanachama,

Hesabu zimekaguliwa na mhazini atawasomea kwenye mkutano mkuu. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyotushughulisha zaidi mwaka huu: kukagua upya mawe ya urani ya chama kwa taa ya urujuanimno (mwanga usioonekana kwa macho) na kwa kipima mionzi, kisha kuyaandikia lebo mpya.

Kazi hiyo imenithibitishia kwamba taa peke yake haitoshi kulitambua jiwe la urani. Autunaiti, madini ya urani yaliyopewa jina la mji wa Autun nchini Ufaransa, ilitupendeza kama kawaida: chumba kikiwa giza, ukiimulika kwa taa ya urujuanimno yenye urefu wa wimbi wa nanomita 365, vibamba vyake vya manjano huwaka kijani kikali chenye umanjano, hata ukingo wa kila kibamba ukaonekana. Torbernaiti iliyokuwa kando yake ina urani vilevile, lakini haikuwaka, kwa sababu shaba iliyomo huinyang'anya nishati kabla haijatoka kama mwanga. Uraninaiti, nyeusi na nzito, nayo ilibaki giza huku kipima mionzi kikilia mfululizo. Kinachong'aa ni uranili, yaani atomi ya urani iliyoshikana na mbili za oksijeni, na ndani ya uraninaiti sehemu kubwa ya urani haiko katika hali hiyo. Opali angavu, kinyume chake, huwaka kijani kwa chembe chache mno za uranili.

Bado wapo wenzetu wanaoamini kuwa jiwe hung'aa kwa sababu ya mionzi yake. Sivyo. Mwaka 1896 mwanafizikia Mfaransa Henri Becquerel alidhani chumvi ya urani inahitaji kupigwa na jua ndipo iache alama kwenye bamba la picha, akakuta bamba lililofungiwa gizani pamoja na chumvi hiyo nalo limepata alama, yaani mionzi ilitoka bila kuhitaji mwanga. Mwanga na mionzi ni mambo mawili, ndiyo maana kila lebo mpya inataja yote mawili.

Kuhusu usalama, nasisitiza. Autunaiti ikikauka humeguka, na vumbi lake halifai kuvutwa puani. Mawe haya hutoa radoni, gesi yenye mionzi, hivyo kabati lake limehamishiwa chumba chenye hewa ya kutosha. Taa ya nanomita 254 huumiza macho. Asiyevaa miwani ya kinga asiiwashe.

Kamati inapendekeza jiwe lolote la urani lisiazimishwe nje ya chama bila lebo mpya inayotaja mwanga na mionzi. Pendekezo litapigiwa kura kwenye mkutano mkuu.

Mwenyekiti