Mipasuko ya Bonde la Ufa ielezwe ipasavyo

Mhariri,

Ardhi ilipopasuka karibu na Mai Mahiu, Kenya, mwaka 2018 baada ya mvua kubwa, iliandikwa kwamba Afrika inagawanyika, habari iliyowatia wakazi hofu bure, kwani Bonde la Ufa hupanuka kwa milimita chache tu kwa mwaka.

Wanajiolojia huuiga mwendo huo katika maabara kwa kutandaza matabaka ya mchanga wa rangi juu ya silikoni laini (dutu nzito inayotiririka polepole), sentimita moja ikiwakilisha takriban kilomita moja, kisha kuyavuta polepole kwa mota. Mipasuko mifupi hutokea huku na huku, hurefuka, mingine huungana na mingine hukoma, hadi michache mikubwa inapobeba karibu mwendo wote. Kwa kuwa mpasuko mrefu unaweza kuleta tetemeko kubwa zaidi, naomba gazeti lako liwape wataalamu wetu nafasi ya kueleza ni mipasuko ipi ya Bonde la Ufa inayoungana.

Msomaji wako,
Nakuru